Lima kinyume: barazani nani mkweli, mwenye silabi au mwenye herufi?

Swali: Dada, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mtwara mjini, nafanya kazi kwenye ghala la korosho. Jioni tunakaa barazani watu watano na fumbo la maneno ambalo binamu yangu wa Lindi hulitunga na kututumia kwa WhatsApp. Juzi dokezo la 7 mlalo lilisema: "Lima kinyume upate utajiri (4)". Nikaandika MALI. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyezoea mafumbo ya magazeti ya Kiingereza tangu ujana, akanifuta. Anasema neno likigeuzwa hugeuzwa herufi kwa herufi, LIMA inakuwa AMIL, kwa hiyo dokezo ni bovu. Akaongeza kwamba Kiswahili hakiwezi mchezo huu, kina irabu nyingi mno, kimeumbiwa vitendawili. Tulibishana mpaka adhana ya isha. Nani mkweli? Na tutajuaje jibu ni sahihi kabla binamu hajatuma majibu?

Marahaba, mdogo wangu. Jibu ni MALI. Liandike kwa wino.

Mzee wenu namheshimu, na mbele nitaeleza kwa nini sehemu ya hoja yake ina uzito. Lakini kwenye hili amechukua sheria ya Kiingereza akaitumia kuhukumu neno la Kiswahili lenye sheria yake. Kinyume, kwa watu wa pwani, ni jina la mchezo. Mkitaka kusemezana mbele ya mtu asielewe, mnachukua silabi ya mwisho ya neno mnaitanguliza. Mbuzi anakuwa zimbu, kitabu kinakuwa bukita, korosho zinakuwa shokoro. Mchezo huu ni mkongwe. Askofu Edward Steere, yule aliyewafikisha Masasi watu waliotolewa utumwani mwaka 1876, aliukuta Unguja na akautolea mifano katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Kwa hiyo mtunzi anapoandika "kinyume" hajabuni kitu. Ametaja kanuni ambayo babu na bibi zetu walikuwa nayo kabla hata fumbo la visanduku halijazaliwa.

Rudi sasa kwenye dokezo. LIMA ina silabi mbili, LI na MA. Tanguliza ya mwisho: MALI. Utajiri ni mali. Herufi nne, visanduku vinne, hakuna herufi iliyobaki njiani wala iliyoingia bila kualikwa.

Binamu yako angeandika "Lima ikisomwa toka mwisho", hapo Mzee angekuwa na haki kamili ya kukufuta, kwa sababu kusoma toka mwisho ni kusoma herufi baada ya herufi, na AMIL si utajiri wa mtu yeyote. Na msidhani mgeuzo wa aina hiyo hauwezekani kwetu. Mwaka juzi nilikuwa kwenye basi kutoka Lindi kwenda Masasi, hatujafika Ndanda, nikaona kitu nikakiandika nyuma ya tiketi: "Inama, ikisomwa toka mwisho ni utulivu (5)". Chukua I, N, A, M, A uanzie mkiani. Unapata A, M, A, N, I. Nimetunga madokezo mengi tangu hapo na sijapata lingine ninalolipenda kama hilo. Mpelekee Mzee, atalifurahia, maana limefuata sheria yake.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye neno la kuelekeza. Kinyume ni silabi. Kusoma toka mwisho, kurudi nyuma, kuanzia mkiani, hizo ni herufi. Mkishakubaliana hapo barazani, ugomvi wa aina hii umekwisha.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae niandike kwa urefu. Unauliza mtajuaje jibu ni sahihi kabla ya majibu kutoka. Katika kuuliza hivyo naona jinsi mnavyocheza. Mnafumbua kama watu wanaotegeana vitendawili. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Mtu akisema "nanasi" amepata, kwa sababu sote tulifundishwa kwamba ni nanasi. Ukileta jibu lako jingine linalofaa vilevile, utaambiwa toa mji. Jibu la kitendawili limewekwa na mapokeo, na mwenye kulijua ni mkubwa wa kikao. Ndiyo maana kwenu Mzee akifuta, jibu linafutika.

Fumbo hili la visanduku halina mkubwa. Kila dokezo lina nusu mbili, na zote mbili zinaelekea neno lilelile kwa njia tofauti. Nusu moja ni ya maana: inasema neno ni kitu gani, kama kamusi inavyosema. Nusu nyingine ni ya ufundi: inakupa herufi zenyewe na namna ya kuzipanga. Katika dokezo lenu "utajiri" ni maana, "lima kinyume" ni ufundi, na "upate" ni daraja katikati. Ukifika kwenye MALI kwa njia ya kwanza, kisha ukafika palepale kwa njia ya pili, umeshajipa majibu mwenyewe. Binamu akituma kesho kwamba jibu ni kitu kingine, binamu ndiye mwenye kujieleza.

Hii haikuwa hivyo tangu mwanzo, na inafaa mjue ilivyokuja. Fumbo la visanduku la kwanza alilichapisha Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa la maana tupu: unaulizwa tafsiri, unajaza neno. Waingereza ndio walioingiza ufundi. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la Observer akijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania ya zamani, na aliwatesa wasomaji wake kweli. Alikuwa na kipaji kikubwa, lakini mara nyingine mtu alipata jibu bila kuona vizuri limetokea wapi.

Wakaja waliodai haki kwa mfumbuaji. Wa kwanza kwa moyo wangu ni kasisi mmoja, A. F. Ritchie, aliyejiita Afrit. Sisi tunalijua jina hilo, ni afriti, jini lile la kutisha. Lakini tazama vilevile herufi za jina lake halisi: A, F, kisha R, I, T za mwanzo wa Ritchie. Jina lenyewe ni dokezo. Mwaka 1949 aliweka sharti ambalo watunzi wanaishi nalo mpaka leo: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, lakini analazimika kusema anachomaanisha. D. S. Macnutt, aliyechukua nafasi ya Torquemada mwaka 1939 kwa jina la Ximenes, alilikuza sharti hilo likawa kanuni kamili, akazitoa katika kitabu mwaka 1966.

Lipime dokezo la binamu yako kwa mizani hiyo. Anasema ulime ovyo utajirike. Hamaanishi hivyo, na hana lazima ya kumaanisha hivyo. Anachomaanisha ni: chukua neno LIMA, lipige kinyume, utapata neno lenye maana ya utajiri. Je, hilo amelisema? Amelisema lote, hakupunguza neno. Dokezo ni safi, na kwa mtunzi wa nyumbani ni zuri sana. Mwambie nimesema.

Sasa irabu. Hapa Mzee ameshika jambo la kweli, ila hitimisho lake silikubali. Kiswahili kina irabu tano na karibu kila silabi yake huishia kwenye irabu. Matokeo yake ni kwamba ukimwaga herufi za neno moja mezani, mara nyingi zinajipanga upya zikawa neno jingine, na jingine tena. Chukua SAMAKI. Zivuruge herufi zake: MASIKA. Zivuruge tena: KAMASI. Mara ya tatu: MASAKI, ule mtaa wa Dar es Salaam wa wenye uwezo wao. Maneno manne kutoka herufi sita! Huo ni utajiri wa lugha, lakini ni mtego kwa mtunzi mvivu.

Wakati naanza niliwahi kutunga hivi: "Kamasi zilizovurugika huonekana Dar (6)". Nilikusudia MASAKI. Zikanijia barua. Mmoja kasema SAMAKI, wanaonekana Feri kila alfajiri. Mwingine kasema MASIKA, inaonekana Dar mpaka barabara zinageuka mito. Wote walikuwa wamezitumia herufi zote sita sawasawa. Walikuwa sahihi na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nusu yangu ya maana ilikuwa legelege, "huonekana Dar" ni maneno ya kuelea. Kwa Kiingereza ningeponea, maana herufi zenyewe zingebana. Kwa Kiswahili herufi hazibani, kwa hiyo maana ndiyo inayopaswa kubana. Dokezo likawa: "Kamasi zilizovurugika mtaani Dar (6)". Samaki si mtaa, masika si mtaa. Limefungwa.

Hapo ndipo namjibu Mzee. Wingi wa irabu hauui mchezo. Unahamisha mzigo kutoka kwenye herufi kwenda kwenye maana, na mtunzi wa Kiswahili anatakiwa achague maneno ya maana kwa uangalifu kuliko mwenzake wa London. Hata na hao samaki na masika kuna jambo la kuangalia. Ningeandika "Samaki waliovurugwa mvua za Machi mpaka Mei (6)", mtu wa Dar angejaza MASIKA bila kusita. Mtu wa Nachingwea angesimama. Huku kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Novemba au Desemba inaendelea mpaka Aprili hivi, hatuna vuli na masika zilizoachana kama kaskazini. Maana iliyo kweli Dar na ya kubishaniwa Nachingwea haijabana. Kwa wasomaji wa huku mimi huandika "majira ya mvua" na kuishia hapo.

Aina nyingine ambayo Kiswahili kinaiweza kwa raha ni ya neno kujificha ndani ya jingine. Vitenzi vyetu ni virefu, vina viambishi mbele na nyuma, na ndani yake mna vyumba. Mtunzi mmoja chipukizi wa Ruangwa aliniletea hili nilitazame: "Ngurumo imelindima, ndani mna mji (5)". Itazame imelindima: ime, LINDI, ma. Mji umekaa katikati ya radi. Nilifurahi, kisha nikamwomba akate neno "Ngurumo". Halitoi herufi hata moja, na mfumbuaji anayehesabu kila neno atauliza lina kazi gani. Likabaki "Imelindima, ndani mna mji (5)". Ni fupi, na sasa kila neno linafanya kazi yake. Yeye aliona limepoa kidogo, sauti ya ngurumo ilikuwa inampendeza. Tulizungumza hilo kwa simu karibu saa nzima na bado naamini kukata kulikuwa sawa.

Lindi hiyohiyo inatoa dokezo la aina ya tatu, la maana mbili bila kuvuruga wala kuficha. Lindi kwa herufi ndogo ni shimo refu, ndiyo tunasema mtu ametumbukia kwenye lindi la mawazo. Kwa hiyo: "Shimo refu, bandari ya kusini (5)". Hapa watunzi wana sheria ya herufi kubwa ambayo itawasaidia sana barazani. Mtunzi anaruhusiwa kuliwekea neno la kawaida herufi kubwa ili kukudanganya, hiyo ni mavazi tu. Haruhusiwi kulivua jina la mahali herufi yake kubwa, huko ni kusema uongo. Naweza kuandika "Ametumbukia Lindi" nikimaanisha shimo. Siwezi kuandika "amehamia lindi" nikimaanisha mji. Ujanja unaokubalika ni kulitanguliza neno mwanzo wa dokezo, ambako herufi kubwa ni ya lazima, na msomaji hajui ni ya jina au ya mwanzo wa sentensi. Mabibo, kwa mfano. Neno hilo likianza sentensi, mtu wa Dar anafikiria mtaa wenye soko, mtu wa Newala anafikiria matunda yaliyodondoka chini ya mkorosho. Mimi nimelifumba hivi: "Mtaa Dar, uraka kesho (6)". Uraka ni pombe ya mabibo. Ninyi wa Mtwara mtalijibu kabla ya kuweka kikombe chini, wa Arusha watahangaika, na sioni ubaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona gumu kuliko yote, na ambalo sijasikia Mzee akilitaja ingawa lingempa hoja nzuri: ngeli.

Mtunzi wa Kiingereza anaishi kwa kuficha kama neno ni nomino au kitenzi, ni mtu au kitu. Wana hila moja maarufu. Neno lao la ua, lile linalochanua, likisomwa kwa namna nyingine linaweza kuwa na maana ya "kinachotiririka", kwa hiyo wanaandika ua na jibu ni mto. Sentensi yao haimsaliti. Kwetu sentensi inasaliti papo hapo. Ukisema "ua limechanua" nimeshajua ni la bustanini. Ukisema "ua umefagiwa" nimeshajua ni wa nyuma ya nyumba. Na ua, toa uhai, kinakuja na viambishi vyake vya kitenzi. Kiambishi kimoja kidogo, li au u, kimefungua mlango wote.

Niliumia kwenye hili kwa mbuzi. Nilikuwa nimefurahi kwamba mbuzi ni mnyama na mbuzi ni kifaa cha jikoni, nikaandika: "Anakula majani na kukuna nazi (5)". Mama mmoja mtu mzima wa Mikindani akanijibu: "Mwanangu, tangu lini mbuzi akakuna nazi? Nazi nakuna mimi, mbuzi nimeikalia." Sentensi hiyo moja ilibeba makosa mawili. Kwanza, kifaa hakitendi. Mbuzi ya jikoni haikuni, inakuniwa. Pili, sikiliza alivyosema, nime-i-kalia. Mbuzi wa zizini ni a na wa, mbuzi ya jikoni ni i na zi. Nilipoandika "anakula... na kukuna" niliipa mbuzi ya mbao na chuma ngeli ya mnyama. Nilisema nisichomaanisha, sharti la Afrit nimelivunja, na aliyeniambia hakuhitaji kumjua Afrit. Alihitaji kuwa amekaa juu ya mbuzi miaka hamsini.

Nilibeba dokezo lile kwa wiki kadhaa. Kila kitenzi nilichojaribu kilikuja na kiambishi na kiambishi kikavunja moja ya nusu. Mwisho nikaondoa vitenzi vyote: "Ndevu zizini, meno jikoni (5)". Ndevu za mnyama, meno ya ule ulimi wa chuma. Hakuna a, hakuna i, hakuna kiambishi cha kusaliti wala cha kudanganya. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo njia yangu: dokezo likigombana na ngeli, natafuta sentensi isiyohitaji upatanisho, kwa majina matupu, kwa mahali, kwa "ku" ya kutenda. Mwambie binamu ajaribu hivyo.

Mtaona kwamba dokezo la mbuzi limesogea karibu kabisa na kitendawili, na Mzee akisema hivyo msimbishie. Lakini bado lina nusu mbili, na nusu moja haitoshi. Mtu akija na PANYA, herufi tano, meno jikoni kweli anayo, mwulizeni ndevu za zizini ziko wapi. Akinyamaza, PANYA amefutika, na hakufutwa na mkubwa wa kikao.

Mambo mawili madogo niyapitie haraka maana najua yatawafikia. Visanduku vya ng', ch, sh na wenzao: mimi natoa kisanduku kimoja kwa kila herufi inayoandikwa, na kile kialama cha juu hakipewi chumba, kwa hiyo ng'ombe ana visanduku sita. Kuna watunzi wanaoiweka ch katika kisanduku kimoja, na hawana kosa mradi waseme juu ya fumbo. Pili, vifupisho. Waingereza wanatumia herufi ya kwanza ya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na kila moja kwao ina herufi yake. Kwetu kaskazini na kusini zote ni K, mashariki na magharibi zote ni M. Mfumbuaji akiona "kusini" na akahitaji K, sawa, lakini msijaribu kurudi nyuma kutoka K kwenda upande wa dunia.

Na neno "kichwa" au "mwanzo"? Hilo litawaletea ugomvi uleule wa silabi na herufi, kwa hiyo nilimalize. Kichwa cha risiti ni R, si RI. Kinyume kinakwenda kwa silabi kwa sababu ni jina la mchezo uliokuwepo, wenye kanuni zake. Kichwa hakina mchezo wa namna hiyo nyuma yake, kwa hiyo kinabaki kwenye kisanduku kimoja. Kwa kuwa uko ghalani na msimu huu mnada na risiti ndiyo maisha yenu, chukua hili mlijaribu kwa pamoja: "Mwanzo wa mnada, twaa, na mwanzo wa risiti uingie ndani: mkoani kwetu (6)". Mwanzo wa mnada ni M. Twaa unaijua, T, W, A, A. Mwanzo wa risiti, R, unaingia katikati ya zile A mbili. M, TWA, R, A. Kila herufi ina risiti yake.

Kuhusu kubishana kwenyewe, sitaki mwache. Kikao kisichobishana kinakuwa kinajaza fomu. Ila badilini kinachobishaniwa. Mtu akitoa jibu, asiulizwe kama ana uhakika, aulizwe kisu kinapita wapi: nusu ya maana inaishia neno gani, ya ufundi inaanzia neno gani. Kisha azitoe herufi moja moja, akionyesha kila moja imetoka wapi. Akifika mwisho bila pengo, jibu limesimama hata kama amelitoa kijana mdogo kuliko wote. Akipata maana peke yake bila ufundi, aandike kwa penseli asubiri herufi za wima zimthibitishie au zimkatae. Na mkipata majibu mawili, yote yamekamilika pande zote mbili na herufi za wima hazijaamua, basi wote wawili wamepata, na mzigo ni wa mtunzi, kama ule mzigo wa Masaki ulivyokuwa wangu.

Mzee mwombeni radhi kwa kupaza sauti mpaka isha, kisha mwombeni kitu kingine: awatungie. Mtu aliyefumbua ya Kiingereza miaka yote hiyo na anaiona tofauti ya herufi na silabi kwa haraka namna ile ana jicho la mtunzi. Mwanzisheni na mji wa jirani, Mikindani. Ukilifungua jina hilo unakuta mikinda, minazi michanga, na "ni" ya mahali: penye minazi michanga. David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapohapo mwaka 1866. Maana mbili zinamsubiri tayari, ya mimea na ya msafiri. Yeye aone azifungeje bila neno la ziada.

Na mkipenda, mpeni na hili kutoka kwangu, kwa salamu zote: "Sita kinyume wamo demani (4)". Majibu sitatuma.